Kumtafuta Ndugu Aliyekwenda Mbali



Katika familia nyingi za mwambao wetu, kuanzia Uvira hadi Baraka, kuna jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Ni la babu aliyevuka ziwa kwenda Kigoma asirudi, la mjomba aliyefuata dhahabu milimani, au la shangazi aliyepoteana na wenzake wakati wa vita. Jioni tunasimuliwa ujasiri wake. Lakini tukiuliza aliishia wapi, wazee hunyamaza. Swali hilo lisiachwe hapo. Kulitafutia jibu ni tendo la huruma, na historia ya Jimbo letu yatufundisha hivyo.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenyeheri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Watatu walikuwa Wamisionari Waksaveri kutoka Italia: Padri Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin na Padri Giovanni Didonè. Wa nne ni Padri Albert Joubert, padri wa jimbo, mzaliwa wa Kongo. Asomaye majina hayo atauliza: Mkongo huyu alilipataje jina la Kifaransa? Tukilifuata jina hilo kinyumenyume, tunamkuta msafiri mmoja.

Ludovic Joubert alizaliwa mwaka 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa. Akiwa na miaka 18 alijiunga na askari wa kujitolea waliomlinda Papa, akajeruhiwa katika mapigano ya Castelfidardo mwaka 1860. Mwaka 1870 Roma ilitekwa, na Kapteni Joubert akabaki bila jeshi. Miaka kumi baadaye alifuatana na msafara wa Mapadri Weupe, wakatembea kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Tanganyika. Alirudi kwao mara moja tu. Kisha, mwaka 1887, akafika Mpala, ng'ambo hii ya magharibi ya ziwa, wala hakuiona tena Ulaya.

Tungeishia hapo, tungesema alimezwa na safari. Lakini nyaraka za misheni zaendelea. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakao, binti wa nchi hii. Waliishi Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa Moba, wakajaliwa watoto. Mmoja wao, Albert, alizaliwa mwaka 1908 na kupewa daraja la upadri mwaka 1935. Baba alifariki mwaka 1927, akazikwa katika udongo huu.

Nyaraka hizo hazimpambi. Alikuwa mtu wa bunduki: aliwafunza na kuwaongoza askari wenyeji dhidi ya wateka watumwa, na pale Mpala alitawala na kuamua mashauri. Mwenye kuitafuta historia ya ukoo wake hupokea yote, yanayompendeza na yanayomfikirisha. Nasi tukiwaweka pamoja baba na mwana, tunaona jambo ambalo hadithi ya mmoja peke yake isingelionyesha: kapteni aliwalinda watu kwa silaha, mwanawe padri alikaa na waamini wake Fizi bila silaha yoyote, hata kifo kikamkuta huko.

Maandiko Matakatifu yanayo habari inayofanana na hii. Yakobo alimlilia Yosefu kama marehemu, na kumbe mwanawe yu hai Misri, ana mke na watoto wawili. Alipompata, aliwapata na Efraimu na Manase, akawabariki kama wanawe mwenyewe. Ndivyo ilivyo mara nyingi: anayemtafuta mmoja hukuta ukoo mzima usiojua kwamba una ndugu.

Basi tuanzie wapi? Tuanze kwa wazee, kabla hawajatutoka. Tuandike jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la utani. Mwaka wa kuondoka, bandari, na wenzake wa safari. Kisha twende parokiani. Kitabu cha ubatizo hutaja wazazi na wasimamizi, lakini kina hazina nyingine: pembeni mwa jina. Sheria ya Kanisa huagiza kwamba kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima ziandikwe hapo. Mtu aliyebatizwa Uvira akifunga ndoa ya Kanisa Kigoma au Bujumbura, paroko wa huko apaswa kuleta taarifa. Mstari mmoja pembeni waweza kumaliza ukimya wa miaka arobaini. Tumwombe paroko kwa adabu atutazamie, maana vitabu hivyo vimebeba siri za watu. Kwa waliopoteana kwa vita, Msalaba Mwekundu nao unayo huduma ya kuwatafuta jamaa.

Tujiandae pia kwa jibu lolote. Huenda tukakuta kaburi, na hapo tutaomba Misa kwa jina lake kamili. Huenda tukakuta mke wa pili na watoto wake, na nyumbani pakawa na machungu. Watoto hao hawana kosa, ni damu yetu. Huenda tukangoja miaka. Wahenga walisema, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja wetu alete jina moja la ndugu aliyekwenda asirudi, pamoja na yote ambayo wazee wa nyumbani wanakumbuka juu yake. Tutayasoma majina hayo kwa sauti, tutawaombea wenyewe, ndipo tupange nani aende kwa paroko na nani avuke ziwa.