Mifupa ya Nyamache

Niliporudi Nyamache bila digrii, nyanya hakuniuliza kitu. Alinipa pesa akanituma bucha. "Lete mifupa, ile ya mguu, yenye uboho. Mwambie akate fupi fupi."

Supu yake haina siri. Mifupa inaoshwa, inatiwa kwenye sufuria na maji baridi, inatengwa kwenye mafiga. Povu likipanda unalitoa na kijiko. Chumvi, kitunguu kimoja, basi. Kazi inafanywa na kuni: moto wa chini, tangu asubuhi mpaka saa nane, hadi nyama iachane na mfupa yenyewe. Ukichochea moto sana, uboho unayeyuka na kupotea. Kule Batangas, Ufilipino, wana supu kama hii, bulalo, na mahindi wanayatia ndani. Sisi mahindi yetu yanakaa pembeni kama obokima. Unagongesha mfupa kwenye sahani, uboho unaangukia juu ya ugali, unakula bila kuongea.

Nikingoja sufuria, nilikuwa nikisoma historia yetu kwa simu. Zamani Mgusii hakununua mifupa. Ng'ombe ndio walikuwa mali, mahari na heshima. Vijana ambao hawajaoa walilala kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe, wakiwalinda wasiibiwe na Wakipsigis na Wamaasai. Miaka ya 1890 sotoka ikapita Afrika Mashariki ikafyeka mifugo. Halafu wakaja Waingereza. Mwaka 1905 walipiga watu wetu na kuondoka na maelfu ya ng'ombe. Januari 1908, kule Kitutu, kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa G.A.S. Northcote. Watu husimulia kwamba Moraa, nabii wa kike, ndiye aliyewachochea vijana. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Sisi tulichomewa nyumba, watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa tena. Winston Churchill mwenyewe, wakati huo akiwa wizara ya makoloni London, alilalamikia mauaji hayo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ikavunja ebisarate pia. Kijana aliyekuwa akilinda ng'ombe akabaki na kodi ya kulipa, na kazi ya mshahara ikawa mbali na kwao.

Leo mashamba ya hapa ni vipande vidogo, chai imeshika mlima. Mwenye ng'ombe ana mmoja au wawili, anawakatia majani na kuwaletea zizini.

Siku hiyo nilimsimulia nyanya haya yote, na hasira kidogo, kama mtu ambaye amegundua kitu. Alisikiliza huku akitoa povu.

"Hao Wazungu walichukua ng'ombe wa babu zetu," akasema. "Na yule wangu mweupe alienda wapi?"

Nilinyamaza. Mweupe aliuzwa ili nilipe karo ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili niliacha chuo mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyekuja na bunduki.

Nyanya hakungoja jibu. Alichota supu, akatafuta kwenye sufuria mfupa mnene kuliko yote, akauweka kwenye sahani yangu.

"Gonga polepole," akasema. "Usivunje sahani."