Nabahani: Asili na Mtawanyiko wa Jina la Ukoo katika Upwa wa Kaskazini ya Kenya

1. Utangulizi

Katika upwa wa Afrika ya Mashariki jina la ukoo limetumiwa kwa karne nyingi kama hati. Mtu anapotaja nisba yake hudhaniwa kwamba ametaja alikotoka, na aghalabu huulizwa nisba hiyo kwa kuwa kuna jambo linalotegemea jibu lake: posa, urithi, cheo, kodi, au haki ya kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa jina moja, hata liwe adimu, waweza kufunua mengi kuhusu historia ya jamii nzima.

Makala hii inachunguza jina la Nabahani, ambalo pia huandikwa Nabhani, Nabhany na Al-Nabhani. Nchini Kenya jina hili ni la watu wachache, na makazi yao ya asili hayatoki nje ya visiwa vya Lamu, bara inayovikabili, na Mombasa. Hata hivyo ndilo jina la ukoo uliotawala Pate na baadaye Witu, na ndilo alilokuwa nalo mmoja wa wataalamu wakubwa wa Kiswahili wa karne ya 20. Swali linaloongoza makala hii ni moja: je, jina hili ni ushahidi wa damu, au ni ushahidi wa madaraka?

2. Maana na umbo la jina

Nabhan ni jina la mtu katika Kiarabu, lenye mzizi wa n-b-h. Mzizi huu una maana mbili zinazokaribiana: kuzindukana, na kuwa mashuhuri au mtukufu. Msemaji wa Kiswahili anaufahamu mzizi huu pasipo kujua, kwani ndio uliozaa maneno tanabahi na tanbihi. Kiambishi -i mwishoni ni cha nisba, yaani kinachomhusisha mtu na babu, mahali au kundi. Basi Nabhani ni mtu wa Nabhan.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa hapa. La kwanza ni la kifonolojia. Katika jina la asili konsonanti b na h zinafuatana bila irabu. Mfuatano wa namna hii ni mgeni katika silabi za Kiswahili, na wasemaji wameuvunja kwa kupachika irabu inayofanana na ya jirani: Nabhani likawa Nabahani, kama vile neno la Kiarabu subh lilivyozaa asubuhi. Umbo la Nabahani kwa hiyo si kosa la uandishi, bali ni alama kwamba jina limekaa vinywani mwa Waswahili muda wa kutosha hata likapata sura ya lugha yao. Umbo la Nabhany, lenye y mwishoni, ni la baadaye zaidi, nalo linaonyesha athari ya tahajia ya Kiingereza katika shule na ofisi za serikali.

La pili ni kwamba Nabhan hakuwa mtu mmoja. Wanasaba wa Kiarabu wanataja Banu Nabhan katika kabila la Tayyi, kaskazini ya Bara Arabu, na kundi jingine huko Omani, linalohesabiwa kuwa la Azd kupitia tawi la Atik. Ndiyo maana nisba hii hupatikana pia mbali na bahari ya Hindi. Mwanachuoni Yusuf al-Nabhani (1849–1932), mathalan, alizaliwa Ijzim, karibu na Haifa katika Palestina. Kwa hiyo kufanana kwa jina peke yake hakutoshi kuthibitisha undugu.

3. Nabahani wa Omani

Tawi linalohusika na upwa wa Waswahili ni lile la Omani. Wafalme wa ukoo huu, ambao kwa wingi wa Kiarabu huitwa Nabahina, walishika nchi ya ndani ya Omani tangu katikati ya karne ya 12, mwaka 1154 ukitajwa kwa kawaida kuwa ndio mwanzo wa enzi yao. Makao yao makuu yalikuwa Bahla, na ngome kubwa ya mji huo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987. Enzi yao haikuwa ya mfululizo usiokatika, kwa maana walishindana na maimamu wa Kiibadhi mara kwa mara. Ilimalizika mwaka 1624, Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi alipochaguliwa kuwa imamu huko Rustaq na kuanza kuiunganisha nchi.

Kuanguka kwa ufalme hakukufuta jina. Katika karne ya 20 Sulaiman bin Himyar al-Nabhani alikuwa mkuu wa Bani Riyam katika Jabal Akhdar, naye alikuwa miongoni mwa viongozi wa vita vya huko vya 1954 hadi 1959. Hadi leo nisba hii ni ya kawaida katika Omani ya ndani. Ni adimu upande huu wa bahari tu.

4. Ushahidi wa Tarehe ya Pate

Habari ya kuja kwa Wanabahani katika upwa imo katika Tarehe ya Pate. Maandishi tuliyorithi yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ikitokana na masimulizi ya Bwana Kitini, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo huo. Stigand alichapisha toleo moja mwaka 1913, Alice Werner akafuata mwaka 1914 na 1915, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva aliyakusanya matoleo mbalimbali katika kitabu kimoja. Inasimuliwa kwamba nakala ya asili iliteketea Witu mwaka 1890.

Tarehe hiyo inaeleza kwamba Sulaiman bin Sulaiman bin Mudhaffar, mfalme aliyepoteza nchi yake Arabuni, aliwasili Pate mwanzoni mwa karne ya 13 pamoja na watu wake. Huko aliwakuta wenyeji, Wabatawi, wenye mtawala wao. Akamwoa binti wa mtawala huyo, na baba mkwe akamwachia ufalme.

Simulizi hii ina matatizo yaliyo wazi. Mwanzoni mwa karne ya 13 ukoo wa Nabahani ulikuwa bado na karne nne kabla ya kung'olewa na Wayaarubi. Tena, Omani inamjua Sulaiman bin Sulaiman bin Mudhaffar mwingine, mfalme aliyekuwa mshairi mashuhuri, lakini huyo aliishi katika karne ya 15. Yaelekea basi kwamba waliosimulia nasaba ya Pate walilichukua jina lililokuwa na sifa kubwa kuliko yote katika ukoo na kuliweka kileleni mwa orodha yao.

Neville Chittick, katika makala yake ya mwaka 1969, aliitilia shaka orodha nzima ya watawala wa mwanzo, akaona kwamba Pate haikuwa na nguvu kubwa kabla ya karne ya 16 na kwamba Wanabahani walikuja baadaye sana. Uchimbuzi uliofuata umeonyesha kuwa makazi ya Pate ni ya kale kuliko Chittick alivyodhani. Shanga, mji mwingine wa kisiwa hicho, uliochimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, ulianza katika karne ya 8 na kuhamwa mnamo mwanzo wa karne ya 15. Lakini yafaa mambo mawili yasichanganywe. Ukale wa mji si ukale wa ukoo. Pate yaweza kuwa ya kale sana ilhali Wanabahani wake ni wa juzi.

5. Majina ya watawala

Ushahidi mwingine umo katika majina yenyewe ya watawala. Katika orodha ya Pate wanatajwa Bwana Mkuu, Bwana Tamu, Mwana Khadija, Fumo Madi, Fumo Luti na Fumo Bakari. Fumo ni neno la kale la Kiswahili la kumtaja mtawala au shujaa, na pia hutaja mkuki wenye bapa pana. Bwana na Mwana ni vyeo vya heshima vya Kiswahili. Hata Madi na Luti, yenye asili ya Kiarabu, yamevaa sura ya lahaja za kaskazini. Nisba ya Kiarabu inakuja mwishoni kabisa, kama kilemba juu ya vazi la kienyeji. Na kwamba katika karne ya 18 kiti kilikaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, ni jambo linalopatana zaidi na desturi za miji ya Waswahili kuliko na zile za Bahla.

Simulizi ya ndoa nayo yasaidia kueleza jambo hili. Katika miji ya kaskazini nyumba ya mawe hupewa binti, na mume huhamia kwa mkewe. Mgeni wa kiume huja na nisba. Mke huja na nyumba, mji na lugha. Watoto huchukua jina la baba, na hulelewa katika usemi wa mama. Mtarehe wa Pate, alipoeleza kwamba ufalme ulipatikana kwa kuoa, huenda alikosea karne, lakini hakukosea utaratibu.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 umelitia nguvu wazo hili. Watafiti walichunguza mabaki ya watu 80 wa zamani, wakiwamo waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba kwa wengi wao asili ya upande wa kike ilikuwa hasa ya Kiafrika, ilhali asili ya upande wa kiume ilikuwa na sehemu kubwa ya Asia, hasa Uajemi, kuanzia mnamo mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Kiarabu iliongezeka. Vinasaba havitaji nisba ya mtu, wala havithibitishi nasaba ya Nabahani. Hata hivyo matokeo hayo yanaafikiana na rai kwamba nisba za Omani zilishika mizizi katika upwa wa kaskazini baada ya karne ya 15, zikawakuta watu waliokwisha kuwa Waswahili.

6. Kutoka Pate hadi Witu

Mtawanyiko wa jina nchini Kenya unafuata historia ya siasa. Katika karne za 17 na 18 Pate ilikuwa na nguvu, ingawa nguvu hizo ziliambatana na misukosuko ya Wareno na Waomani. Mwaka 1728, mwaka ambao Wareno waliirudia Ngome ya Yesu kwa msaada wa Pate, ndio pia mwaka wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Bwana Mwengo wa Athmani. Baada ya Pate na Mazrui wa Mombasa kushindwa na Waamu katika vita vya Shela, mnamo 1812, nyota ya Pate ilianza kuzama, na Sayyid Said akapata mlango wa kuingilia upwa wa kaskazini.

Katikati ya karne ya 19 Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alilazimika kuiacha nchi ya visiwa na kuweka makao Witu, bara. Huko jina la Nabahani likapata raia wapya, wengi wao wakiwa watoro waliokimbia utumwa. Mwaka 1885 Wajerumani waliitia Witu chini ya himaya yao. Mwaka 1890 waliikabidhi kwa Waingereza kwa mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na mwezi wa Oktoba jeshi la Admirali Fremantle likauchoma mji. Fumo Bakari alifariki mwanzoni mwa 1891. Tangu hapo hapakuwa tena na mji ambao jina hilo lilikuwa sawa na serikali. Kando ya mji wa Pate yamebaki magofu yanayoitwa kwa jina la Nabahani, katikati ya mashamba ya tumbaku.

7. Sababu za uadimu wake

Ukoo uliotawala muda mrefu ungetarajiwa kuacha watu wengi wenye jina lake. Sababu ya uadimu imo katika utaratibu wa kutaja majina. Mswahili hujulikana kwa jina lake, la baba na la babu. Nisba hutajwa pale inapohitajika: katika hati za ndoa, katika nasaba zilizoandikwa, na katika mabishano ya cheo. Orodha za serikali zilipoanza kudai majina matatu, nisba iliachwa nje, na wazao wengi wa ukoo wakaandikwa kwa jina la babu. Binti nao hawakuipitisha kwa watoto wao. Kwa hiyo uchache wa jina katika orodha si kipimo cha uchache wa wazao.

Serikali ya kikoloni ilileta jambo jingine. Sheria zake ziliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na Mwarabu akawekwa katika kundi la pili huku Mswahili mara nyingi akitiwa katika la kwanza. Kodi, uwakilishi na heshima vikategemea mgawanyo huo. Ahmed Idha Salim, katika kitabu chake cha mwaka 1973, ameonyesha namna jambo hilo lilivyoichafua siasa ya upwa. Nisba iliyokuwa kumbukumbu ya nyumbani ikawa stakabadhi ya ofisini. Baada ya uhuru mwaka 1963 stakabadhi ile ile iliweza kugeuka lawama, kwani mwenye nisba ya Kiarabu aliweza kuambiwa kwamba kwao si hapa.

8. Hitimisho

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni si gumu. Jina la Nabahani lina asili ya Omani bila shaka. Lakini lilivyoishi katika upwa wa Kenya, limekuwa jina la dola ya Waswahili kuliko jina la damu ya Waarabu. Lilipokewa kwa ndoa, likatamkwa kwa silabi za Kiswahili, likatanguliwa na fumo na bwana, na utukufu wake ukaimbwa kwa tungo za Kiswahili.

Mfano ulio bora ni Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Lamu, aliyefunzwa ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh. Katika Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa mwaka 1979, alihifadhi msamiati wa kujenga jahazi. Ndiye pia aliyependekeza neno runinga. Aliyekuwa na nisba ya wafalme wa Bahla ndiye aliyekuwa hazina ya Kiamu, na urithi huo ulimfikia kwa mkono wa bibi. Anayetaka kujua kwao Nabahani ni wapi, na asikilize kwanza lugha anayoisema.