Kesi ya Ugali Chumbani Kwetu

Testi zimetubana wiki nzima, halafu huku hosteli kulikuwa na kesi ya ugali, na mimi mtu wa historia nikaona isipite hivi hivi.

Mwenzangu wa chumbani amepakua programu ya kuhesabu chakula kwenye simu. Unaandika ulichokula, yenyewe inakupa kalori na rangi. Jumatatu kaandika ugali gramu 300. Simu ikajibu kalori 1,080, nyekundu! Maharage hata hayajaingia. Usiku akalala na chai ya rangi. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano katoka lekcha anatetemeka mikono, nikamshika ngazini. Nikamwambia shosti, hii simu itakuua. Akanijibu, "Namba hazidanganyi."

Basi nikaenda maktaba kutafuta hizo namba kwao ni wapi.

Kwao ni Middletown, Connecticut, Marekani, Chuo Kikuu cha Wesleyan. Miaka ya 1890 mkemia Wilbur Atwater na wenzake walijenga kijumba cha kupimia joto la mwili. Mtu anaingia, mna kitanda, kiti na meza, anafungiwa siku kadhaa. Chakula kinapitia kidirishani. Walipima joto alilotoa, hewa aliyopumua na (kama unakula, niwie radhi) mkojo na kinyesi, wajue kiasi gani cha chakula kimepita bure. Baadhi ya walioingia mle walikuwa wafanyakazi wa maabara hiyo hiyo. Kazi ipo!

Kutokana na kazi hiyo tukapata hesabu inayotumika mpaka leo: gramu ya protini kalori 4, wanga 4, mafuta 9. Ni wastani tu. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi, wakakuta gramu 28 zinampa mtu kalori 129 hivi, wakati hesabu ya Atwater inasema karibu 170. Lozi ni ngumu, nyingine inapita bila kumeng'enywa.

Kilichonishangaza zaidi ni ushauri wake. Atwater alitaka mfanyakazi maskini ashibe kwa hela kidogo, kwa hiyo mboga za majani aliziona hasara, kalori hamna. Alifariki 1907. Neno vitamini lilibuniwa na Casimir Funk mwaka 1912. Yaani hesabu ilikuwa nzuri, ila mchicha ulionekana ni kutupa hela.

Rangi nayo ina ukoo mwingine. Kila programu ina kanuni zake, lakini kanuni moja maarufu ilianzia Uingereza, 2004 na 2005, kwa timu ya Mike Rayner wa Oxford. Walitaka kujua tangazo gani la chakula lisionyeshwe kwenye vipindi vya watoto, na kuanzia 2007 ndiyo iliyotumika kwenye televisheni. Nishati, sukari, mafuta yaliyoganda na chumvi vinaleta alama mbaya, hadi 40. Matunda na mboga, nyuzinyuzi na protini vinapunguza, hadi 15. Mwaka 2017 Ufaransa ikaichukua ikaifanya Nutri-Score, zile herufi A mpaka E kwenye pakiti, na programu ya Yuka ikaipa asilimia 60 ya alama zake. Yote hupimwa kwa gramu 100, uwe unakula kijiko au bakuli. Sahani ya mama ntilie haikuwepo kwenye mawazo ya mtu.

Jioni nikamwomba mwenzangu simu. Nikaangalia alichochagua. Jamani! Alichagua unga wa mahindi mkavu. Ugali uliopikwa zaidi ya nusu ni maji! Nikamfungulia jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lile la Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, lina vyakula vyetu kabisa. Tukapiga hesabu upya, ile 1,080 ikashuka chini ya nusu.

Akanyamaza muda. Kisha akaniuliza kama kule chini bado wanauza.

Kala ugali kwa dagaa, kamaliza, kamega na wangu. Simu alikuwa ameiacha chumbani, kwenye chaji.