Nani Anatunza Kanda? Historia Fupi ya Seva Huria na Matangazo Mubashara

Tarehe 27 Januari 2016, Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari wa Tanzania, aliliarifu Bunge mjini Dodoma kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, halitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge kama ilivyozoeleka. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani waligoma kuendelea, kikao kikavurugika, na polisi wakaingia ukumbini. Tangu hapo mwananchi wa kawaida alianza kuletewa dondoo zilizokwisha kuhaririwa, na nyingi zilirushwa saa za usiku.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kisiasa, na ilikuwa haki uwe hivyo. Hata hivyo, ndani ya hoja ya gharama kuna swali la kihistoria linalostahili kupewa nafasi yake. Kurusha na kurekodi kikao cha umma kunahitaji nini hasa? Mtambo ni wa nani? Na kanda ikishakamilika, inabaki mikononi mwa nani? Kwa zaidi ya miaka 30 watu wa mataifa mbalimbali wamejenga njia za kurusha picha na sauti kwa programu ambazo hazina mmiliki mmoja. Historia hiyo haifundishwi sana katika kozi zetu za sayansi ya siasa, ilhali inagusa mamlaka kwa kiasi kilekile inachogusa kompyuta.

Tuanze mwaka 1992. Mwezi Machi mwaka huo, wahandisi wa intaneti walikutana San Diego, Marekani, nao wakasafirisha sauti ya mkutano wao moja kwa moja hadi vituo 20 katika mabara matatu. Mfumo waliotumia uliitwa MBone. Ulikuwa mtandao uliopachikwa juu ya intaneti, ambamo mkondo mmoja wa sauti uliweza kugawanywa njiani bila chanzo kulazimika kumtumia kila msikilizaji nakala yake. Programu zake zilitoka katika maabara za utafiti na zilisambazwa bure. Aliyekuwa na mashine na kiungo cha kutosha aliweza kuwa msikilizaji, na pia aliweza kuwa mtangazaji. Huo ndio ukoo wa kwanza wa utangazaji mtandaoni: ulizaliwa katika taasisi za umma, na hakuna aliyesimama mlangoni kukata tiketi.

Mlango ulipata bawabu mwaka 1995, kampuni ya Progressive Networks ya Seattle ilipotoa RealAudio. Tarehe 5 Septemba mwaka huo mchezo wa besiboli kati ya Seattle Mariners na New York Yankees ulirushwa kwa mfumo huo, na watu waliokuwa na modemu ya simu waliusikiliza papo kwa papo. Yalikuwa mafanikio makubwa ya kiufundi. Lakini muundo wa faili ulikuwa siri ya kampuni, na leseni ya seva ilipimwa kwa idadi ya wasikilizaji wa wakati mmoja. Kadiri umma ulivyoongezeka, ndivyo mtangazaji alivyolipa zaidi. Wenye fedha walimudu hesabu hiyo. Chuo kidogo, chama cha wafanyakazi au halmashauri ya mji visingeweza.

Wakati huohuo, Paris kulikuwa na kisa ambacho wanafunzi wetu wangependa kukijua. Wanafunzi wa École Centrale walikuwa wakiishi katika mabweni yenye mtandao wa polepole, na walitaka ulio bora zaidi, kwa sehemu ili wacheze michezo ya kompyuta. Ilibidi watafute sababu ya kumshawishi mfadhili. Sababu waliyoipata ni kwamba matangazo ya televisheni kutoka dishi moja la setilaiti yangeweza kusambazwa kwa mtandao hadi vyumbani, badala ya kufunga madishi mengi. Mradi huo ulioanza mwaka 1996 uliitwa VideoLAN. Ulikuwa na programu mbili, moja ya seva inayorusha na nyingine ya mtazamaji anayepokea. Mwaka 2001 uongozi wa chuo ulikubali programu hizo zitolewe chini ya leseni huria ya GPL. Ile ya mtazamaji ndiyo VLC, yenye nembo ya koni ya barabarani, ambayo imo katika kompyuta nyingi za ofisi zetu bila watumiaji kujua kwamba ni kazi ya wanafunzi wa bweni.

Mwaka 2000, Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, alianzisha FFmpeg, zana ya kusoma, kubana na kugeuza karibu kila muundo wa picha na sauti. Sehemu kubwa ya video inayoonekana mtandaoni leo hupitia zana hiyo au jamaa zake mahali fulani njiani. Icecast nayo, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa imekwisha kuwapa watu wa kawaida uwezo wa kuendesha redio mtandaoni.

Kwa upande wa video, miaka ya 2000 ilitawaliwa na Flash. Itifaki yake ya kurushia, RTMP, ilikuwa mali ya Macromedia, kisha Adobe iliyoinunua kampuni hiyo mwaka 2005, na seva rasmi ilikuwa bidhaa ya kulipiwa. Watengenezaji wa programu huria walichunguza jinsi itifaki hiyo inavyozungumza na wakajenga seva yao, Red5. Adobe ilichapisha maelezo ya itifaki mwaka 2009. Mwaka huohuo Apple ilileta HLS, njia ya kuikata video vipande vya sekunde chache vinavyosafirishwa kama kurasa za kawaida za tovuti. Mwaka 2012 mhandisi Roman Arutyunyan alitoa moduli ya RTMP kwa ajili ya Nginx, seva ya tovuti iliyo huria, na mwaka huohuo ikatokea OBS, programu huria ya kuchanganya kamera, sauti na maandishi. Kwa hiyo, tangu mwaka 2012 hivi, studio ya kurushia iliwezekana kujengwa bila kununua leseni hata moja.

Inafaa kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, kwa sababu fumbo ndilo kinga ya kwanza ya wanaotaka tuamini kwamba jambo hili ni la mabingwa peke yao. Kamera huunganishwa na kompyuta yenye OBS. OBS huibana picha na kuipeleka kwa RTMP hadi kwenye seva ya Linux yenye Nginx na moduli yake. Seva hufanya kazi tatu kwa pamoja: hukata vipande vya HLS kwa ajili ya watazamaji, huandika rekodi kamili katika diski, na, ikiagizwa, husukuma nakala ya mkondo uleule kwenda kwenye majukwaa mengine. Kurekodi ni suala la mistari michache katika faili la mipangilio. Baada ya kikao, FFmpeg huigeuza rekodi kuwa muundo unaofunguka kwenye simu yoyote.

Sasa hesabu. Video yenye ubora wa kutosha kumtambua msemaji na kusikia kila neno inaweza kutumia megabiti 1.5 kwa sekunde. Saa moja ni megabaiti 675. Kikao cha saa 6 hakifiki gigabaiti 4.1. Siku 100 za vikao ni gigabaiti 405, yaani chini ya nusu ya diski moja ya terabaiti 1. Upande wa watazamaji una uzito zaidi: watu 200 wa wakati mmoja wanahitaji megabiti 300 kwa sekunde, na watu 10,000 wanahitaji gigabiti 15. Kwa hiyo tuseme kweli: seva moja ya taasisi haiwezi kuwa televisheni ya taifa, na bilioni 4.2 za mwaka 2016 hazilingani moja kwa moja na hesabu hii, kwa kuwa utangazaji wa televisheni una gharama zake za watumishi, mitambo na muda wa hewani. Lakini kurekodi na kuhifadhi, ambako ndiko kiini cha uwajibikaji, gharama yake ya kiufundi ni ndogo mno kuweza kuwa kisingizio.

Kwetu Afrika Mashariki uwezekano huo ulifika kwa meli. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti ilipitia setilaiti, kwa bei iliyofanya video kuwa anasa. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipoanza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, kizuizi hicho kilianza kulegea. Programu zilikuwa tayari, na njia nayo ikapatikana.

Na hapo ndipo siasa iliporudi. Mwaka 2016 Tanzania ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, mwaka uleule ambao Bunge lilitoka hewani. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni kuwa na leseni. Maombi, leseni ya kuanzia na ada ya mwaka vilifika takriban shilingi milioni 2.1. Gharama ya programu ilikuwa imeshuka hadi sifuri, na gharama ya ruhusa ikapanda. Mwanafunzi wa Paris alihitaji kibali cha chuo chake. Mwenzake wa Mbeya alihitaji kwanza fedha inayozidi kipato cha miezi mingi cha familia nyingi.

Kenya ilitoa funzo la aina nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010, Ibara ya 118, inalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi. Hata hivyo, tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika uwanja wa Uhuru Park, serikali ilizima mawimbi ya vituo vikubwa vya televisheni. Watazamaji wengi walihamia intaneti, ambako matangazo yaliendelea. Mnara ulizimwa, lakini mkondo haukuzimika. Uganda, mnamo Januari 2021, ilionyesha upande wa pili: intaneti yenyewe ilikatwa wakati wa uchaguzi mkuu. Katika hali hiyo hakuna seva, huria au ya kulipiwa, inayoweza kumfikia mtazamaji.

Ndiyo maana nasisitiza kutofautisha kurusha na kurekodi. Kurusha kunaweza kukatizwa na amri ya dakika moja. Rekodi iliyopo katika diski, yenye nakala mahali pawili au patatu, husubiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya kanda inawaunga mkono. BBC, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake ili izitumie tena, na hadi leo makumi ya vipindi vya Doctor Who hayapatikani. NASA iliwahi kuzitafuta kanda halisi za safari ya Apollo 11, na mwaka 2009 ikakiri kwamba huenda zilifutwa na kutumika upya. Kama taasisi zenye uwezo huo zilipoteza kumbukumbu zao kwa kubana matumizi ya kanda, sisi tunaoacha rekodi zetu zote katika akaunti ya jukwaa la kigeni, yenye nenosiri la ofisa mmoja anayeweza kuhamishwa kesho, tuna uhakika gani?

Kuna hatari ya pili, ile ya muundo. Rekodi nyingi za miaka ya 1990 zilihifadhiwa katika miundo ya Real. Programu ya kampuni ilipopitwa na wakati, wajitolea wa FFmpeg ndio waliochambua miundo hiyo na kuiwezesha kufunguka tena. Flash nayo ilifikishwa mwisho tarehe 31 Desemba 2020. Kumbukumbu ya umma iliyofungwa katika siri ya kampuni ina umri wa kampuni hiyo.

Sitaki kupuuza ugumu uliopo. Seva inahitaji umeme usiokatika, mtu wa kuifunga matundu ya usalama kila mara, na bajeti ndogo isiyosahaulika baada ya mradi wa wafadhili kwisha. Wala si lazima kuchagua kati ya seva yetu na majukwaa makubwa. Moduli ileile ya Nginx inaweza kusukuma mkondo hadi YouTube ili umma mkubwa uone, huku rekodi halisi ikibaki kwetu. Mfumo wa PeerTube, uliozinduliwa na shirika la Framasoft la Ufaransa mwaka 2018 na kuongezewa matangazo mubashara mwaka 2021, huwawezesha watazamaji kugawiana mzigo wa video wao kwa wao, wazo ambalo mababu zake ni wale wahandisi wa MBone.

Kwa hiyo maombi yangu ni mahususi. Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa: vikao vya baraza la madiwani virekodiwe kwa muundo huria, na orodha ya rekodi ibandikwe pamoja na muhtasari wa kikao. Wanaharakati: mnapodai matangazo mubashara, dai rekodi kwanza, kamili na isiyohaririwa, pamoja na tarehe ambayo lazima itolewe kwa umma. Wanafunzi: kompyuta kuukuu iliyo katika maabara ya idara inatosha kujifunzia yote niliyoyaeleza, na mihadhara ya umma ya chuo chenu ndiyo mahali pa kuanzia. Itakapofika siku ya mtu kuuliza nani alisema nini ukumbini, jibu litategemea kama kulikuwa na diski, na kama aliyeitunza alikuwa na wajibu wa kisheria wa kuifungua.