Yubile Ina Hesabu, Mvua Haina

Yubile ina hesabu yake: Mambo ya Walawi 25 yautaja mwaka wa 50. Lakini huku Kwale tumezoea kusema kwamba hata Elnino ina yake, eti hurudi kila miaka kumi. Tuyakumbuke mafuriko makubwa ya vuli: 1961, 1997, 2006, 2019, 2023. Yamepishana miaka 36, 9, 13, kisha 4. Elnino yenyewe hurudi baada ya miaka miwili hadi saba, bila ratiba. Wakati wa vuli ya 2019 haikuwepo. Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu, tukafurika. Mto Umba haungoji hesabu zetu. Yusufu aliweka akiba mapema. Nasi wanakwaya tuzibue mitaro kila mwaka kabla ya Oktoba, ndipo tuimbe.