Kurudishwa Mpakani: Habari za Rungwe na Njia ya Kusini

Mpaka wa Songwe uliwekwa tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipopatana juu ya nchi ambazo wengi wao hawakupata kuziona. Mto uliochaguliwa kuwa kigawanyo una tabia ya kuhama njia yake wakati wa mafuriko, hata shamba lililokuwa ng'ambo hii mwaka mmoja huonekana ng'ambo ya pili mwaka unaofuata. Na watu waliogawanywa nao, Wanyakyusa huku na Wangonde kule, ni ndugu kwa lugha na kwa desturi. Kwa hiyo mtu wa Rungwe aliyekatazwa kupita mahali pamoja alikuwa na dawa iliyo karibu, nayo ni kwenda kupita mahali pengine. Kukataliwa kulikuwa neno la mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kulikwisha pale mlinzi alipobadilishwa zamu, au msafiri alipobadili jina.

Siku hizi sivyo. Kijana wa Kiwira anayejaza fomu ya viza hukuta swali fupi lililowekwa katikati ya maswali ya kawaida: je, amepata kukataliwa viza, au kuzuiwa kuingia katika nchi yoyote? Wengi hulisoma kama mtego uliobuniwa jana. Kumbe swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya historia hiyo yapita katika barabara ile ile itokayo Uyole, ikateremka Kiwira na Tukuyu mpaka Kasumulu.

Wanaume wa Rungwe walianza kuifuata njia hiyo na nyinginezo kwa sababu ya kodi. Fedha ilikuwa lazima, na nyumbani haikupatikana ya kutosha. Wengine walipanda kwenda Lupa, katika machimbo ya dhahabu ya Chunya. Wengine walivuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako Wanyakyusa walijulikana sana kwa kazi ya chini ya ardhi. Mbali zaidi ilikuwako Witwatersrand, yenye mshahara na yenye kifo.

Kifo hicho ndicho kilichofunga mlango. Watu waliotoka nchi za joto walikufa kwa homa ya mapafu katika kambi za migodi kwa idadi iliyowatia aibu hata wenye migodi, na mwaka 1913 serikali ya Muungano wa Afrika Kusini ilipiga marufuku kuandikisha wafanyakazi waliotoka kaskazini ya latitudo ya digrii 22 kusini. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kusimamia wahamiaji iliyompa waziri uwezo wa kuihesabu jamii nzima ya watu kuwa haifai kuingia, kwa hoja ya uchumi au ya desturi za maisha, na shabaha yake kubwa ilikuwa Wahindi. Hatua hizo mbili zatofautiana kwa nia, maana ya kwanza ilitokana na vifo na ya pili ilitokana na chuki. Lakini zafanana kwa jambo moja lililo zito: aliyekataliwa hakuulizwa habari zake mwenyewe. Alikataliwa kwa mahali alipozaliwa, au kwa kabila lake.

Matokeo yake hayakuwa magumu kutabiriwa. Watu wa kaskazini ya mstari hawakuacha kwenda. Walikwenda kwa miguu, wakipitia Rhodesia ya Kusini, na walipofika walijiita watu wa kusini. Mnyasa alijifanya mtu wa Msumbiji, akachukua jina la huko. Wenye migodi, ambao siku zote walilia upungufu wa wafanyakazi, hawakuwa na hamu kubwa ya kuchunguza. Marufuku yalilegezwa mwaka 1933, wafanyakazi wa kujaribia waliporuhusiwa, na kabla ya vita vya pili vya dunia yalikuwa yameondolewa. Ndipo shirika la kuandikisha wafanyakazi lililoanzishwa mwaka 1900, ambalo kila kijiji cha kusini mwa Afrika kililijua kwa jina la Wenela, lilipoweza kuchukua watu wa nyanda za kusini za Tanganyika waziwazi. Hata hapo palikuwa na kukataliwa. Aliyetaka kwenda alipimwa na daktari, na asiyefaa alirudi kwao. Mara baada ya uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961 uandikishaji huo ulikomeshwa nchini.

Yafaa kutua kidogo kwenye hila ya majina, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo. Jina jipya lilifaa maadamu kumbukumbu ya kukataliwa ilikaa katika karatasi yenye jina. Lakini tangu mwaka 1900 alikuwapo Transvaal Mwingereza mmoja, Edward Henry, aliyetoka Bengal na elimu yake ya kupanga alama za vidole hata ziweze kutafutwa na kupatikana. Elimu hiyo ilienea kwanza kwa polisi, kisha migodini. Wahindi wa Transvaal walitakiwa watoe alama zao kwa sheria ambayo Gandhi alianza kuipinga mwaka 1906. Wachimbaji Waafrika hawakupewa nafasi ya kupinga. Walitiwa wino, na mtoro aliyerudi kwa jina la pili alitambuliwa kwa kidole cha kwanza. Hapo ndipo kukataliwa kulipopata kumbukumbu isiyosahau. Mtu aweza kuliacha jina la baba yake mtoni Songwe. Kidole huvuka naye.

Katika miaka ya 1950 kumbukumbu hiyo iliongezewa kazi ya siasa. Shirikisho la Rhodesia na Nyasa, lililodumu kutoka 1953 hadi 1963, lilitumia mno cheo cha mhamiaji aliyepigwa marufuku, kile ambacho Waswahili wamekifupisha wakasema mtu kupigwa P.I. Mbunge wa Uingereza John Stonehouse alifukuzwa humo mwaka 1959 kwa hotuba zake, na mwaka uliofuata akatoa kitabu alichokipa jina la cheo hicho hicho. (Mtu huyo huyo, mwaka 1974, alijifanya amekufa maji huko Miami akaingia Australia kwa pasipoti ya jina la marehemu. Historia haikosi mzaha.)

Wako pia waliokataliwa kutoka. Mwezi wa Januari 1962 Nelson Mandela, asiye na pasipoti wala matumaini ya kupewa, alipita Bechuanaland akatua kwa ndege Mbeya, mji ambao mtu wa Kiwira huuendea asubuhi akarudi jioni. Kutoka hapo alikwenda Dar es Salaam, na serikali changa ya Tanganyika ikampa karatasi ya kumtambulisha na kumruhusu kutoka na kurudi. Kwa karatasi hiyo nchi nyingi zilimpokea. Nyumbani kwake haikumfaa kitu: alikamatwa tarehe 5 Agosti 1962, na katika kifungo cha miaka mitano alichohukumiwa Novemba, miaka miwili ilikuwa ya kosa la kutoka nchini bila hati halali. Karatasi moja, basi, ilikuwa heshima Addis Ababa na ushahidi wa kosa Pretoria. Thamani ya hati haimo katika hati. Imo kwa yule anayeisoma.

Serikali huru hazikuitupa silaha waliyoirithi. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 inacho cheo cha mhamiaji aliyepigwa marufuku, na ya Malawi vilevile. Kilichobadilika ni upana wa macho ya msomaji. Zamani daftari la Salisbury halikusomwa London ila kwa barua. Sasa nchi za Schengen zina hazina moja ya maombi ya viza, nayo huhifadhi habari za aliyekataliwa kwa miaka mitano. Na mfumo wao wa kuandika waingiao na watokao, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, huhifadhi sura, alama za vidole na habari za waliozuiwa mpakani. Pasipoti mpya hairudishi ujana. Wako wanaodhani kwamba waliporudishwa wakiwa na pasipoti ya zamani, kisha wakapewa hii ya kielektroniki iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, muhuri ule umezikwa. Hiyo ndiyo hila ya mchimbaji wa mwaka 1913, na dawa yake iliisha kupatikana zamani.

Lakini kumbukumbu si hukumu, na hapa ndipo wengi wanapojidhuru bure. Kuzuiwa kuingia Ulaya kwa kukosa fedha za kutosha au anwani ya mwenyeji hakumfungii mtu mlango wa mwaka ujao. Kwamtaka aje na kile alichokikosa. Katika Marekani sheria ya mwaka 1996 yamruhusu ofisa wa mpakani kumwondosha mgeni papo hapo na kumzuia miaka mitano, lakini mgeni huyo akiruhusiwa kuliondoa ombi lake mwenyewe, hana kifungo cha miaka, ingawa tukio huandikwa. Kinachofunga mlango kweli ni uwongo. Katika Uingereza aliyedanganya katika ombi lake aweza kukataliwa kwa miaka kumi, na Marekani uwongo wa namna hiyo hauna kikomo cha miaka. Mtu aliyekataliwa kwa sababu ndogo, akaandika kwamba hakupata kukataliwa, amebadilisha deni dogo kwa kubwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba hila iliyowaokoa babu zao na sheria ya dhulma ndiyo inayowaangamiza wajukuu.

Wanaokwenda Afrika Kusini wana shida ya namna yao. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi, hivyo mahojiano yake yote hufanyika dirishani mpakani, akiwa amekwisha kulipa nauli. Tena tangu kanuni za Mei 2014, aliyekaa kupita siku zake hutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa: mwaka mmoja, ikiwa hakuzidisha siku thelathini, miaka miwili, akirudia kosa hilo ndani ya miezi ishirini na minne, miaka mitano, akizidisha siku thelathini. Tangazo hilo hutolewa wakati wa kutoka. Msafiri hupewa karatasi Beitbridge, nyuma yake foleni, mizigo ikimngoja nje, naye huikunja akaitia mfukoni kwa kuwa kwa wakati huo anarudi kwao wala hana haja ya kuingia popote. Imeandikwa humo kwamba aweza kuomba asamehewe ndani ya siku kumi tangu kuipokea. Siku ya kwanza huhesabiwa akiwa bado ndani ya basi, hajauvuka hata mto Zambezi.