Kusasisha na Kupandisha Toleo: Istilahi Mbili na Suala la Wakati

Mfumo endeshi ni programu ya msingi ambayo hugawa kumbukumbu ya kompyuta, huwasiliana na maunzi kama vile kibodi, diski na printa, na huzipa programu nyingine zote, ziwe za kuandikia barua au za kukokotoa mishahara, mahali pa kufanyia kazi. Windows, macOS na Linux ndiyo mifano inayojulikana zaidi. Neno endeshi limetokana na kitenzi endesha kwa kuongezewa kiambishi -i, kwa utaratibu uleule uliotupatia semina elekezi na mbinu shirikishi, na ingawa wapo wanaopendelea mfumo wa uendeshaji, umbo fupi lina faida ya kuvumilia vivumishi na vimilikishi bila sentensi kulemewa.

Ugumu wa istilahi hauko kwenye mfumo wenyewe bali kwenye vitendo viwili unavyofanyiwa. Kitendo cha kwanza ni kuuongezea mfumo uliopo marekebisho madogo, hasa viraka, yaani vipande vya programu vinavyoziba mianya ya kiusalama iliyogunduliwa baada ya mfumo kutoka. Hiki huitwa kusasisha, kitenzi kilichozalishwa moja kwa moja kutokana na kielezi sasa, kama hakikisha ilivyozalishwa kutokana na hakika. Kitendo cha pili ni kuuondoa mfumo wa toleo moja na kuuweka wa toleo jingine, kwa mfano kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, huku mafaili ya mtumiaji na, inapowezekana, programu zake zikibaki mahali pake. Kwa kitendo hiki Kiswahili bado kinayumba. Wengine husema kuboresha, neno ambalo lina kasoro ya kutoa hukumu kabla ya ushahidi, kwa kuwa limejengwa juu ya bora, ilhali kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuwa nzito kupita kiasi baada ya kuwekewa toleo jipya. Wengine husema kupandisha daraja, lakini daraja limeshazoeleka kwa walimu na watumishi wa umma, ambao kupanda kwao huambatana na nyongeza ya mshahara. Kupandisha toleo kunafaa zaidi, kwa sababu toleo ni neno ambalo msomaji wa vitabu na magazeti analijua, na kupanda hapa ni kwa namba tu, bila ahadi yoyote ya ubora.

Tofauti hii si ya wanaleksikografia peke yao, maana swali la wakati wa kufanya kila kitendo lina jibu lake. Kusasisha hakungoji. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya uliokuwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana mafaili kwenye mtandao, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ikapenya kwenye mwanya huo, ikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai malipo ili iyafungue, hata baadhi ya hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Lawama nyingi zilielekezwa kwa Windows XP, ambayo usaidizi wake ulikuwa umekoma tarehe 8 Aprili 2014, lakini kompyuta zilizoathirika kwa wingi zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa na ambao kiraka chake kilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Wenye kompyuta hizo hawakukosa toleo jipya; walikosa sasisho.

Inawezekana kabisa kwamba baadhi yao walikuwa wamezima masasisho kwa makusudi, na hapa watengenezaji hawana budi kubeba sehemu ya lawama, kwani kati ya mwaka 2015 na 2016 Microsoft ilitumia njia ileile ya masasisho kuwasukuma watumiaji wa Windows 7 na 8.1 wahamie Windows 10, jambo lililowafanya watumiaji kadhaa kuifunga njia yote. Vitendo viwili vilipochanganywa katika mlango mmoja, hofu ya kile kikubwa ikazuia kile kidogo kilichokuwa cha lazima.

Kupandisha toleo, kwa upande wake, kunaweza kungoja, na mara nyingi kunapaswa kungoja. Watengenezaji wa Ubuntu, ambao hutoa toleo la usaidizi wa muda mrefu kila baada ya miaka miwili mwezi Aprili na kulihudumia kwa miaka mitano, hawamwaliki mtumiaji wa toleo kama hilo lililotangulia kuhamia jipya siku linapotoka, bali husubiri marekebisho ya kwanza ya toleo hilo, ambayo kwa kawaida huja baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba kasoro nyingi hujitokeza pale tu toleo linapokutana na maunzi ya kila aina, hususan viendeshi, yaani programu ndogo zinazoufundisha mfumo kuzungumza na printa au kadi ya sauti fulani.

Kikomo cha kungoja huko hakiwekwi na tarehe ya toleo jipya kutoka, bali na ukomo wa usaidizi wa toleo la zamani, yaani siku ambayo mtengenezaji anaacha kutoa viraka. Kwa Windows 10 siku hiyo ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi zinazouzwa ni za mitumba, inagusa watu wengi, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama ya kizazi cha pili na prosesa ambazo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazina. Mwenye mashine ya aina hiyo anaweza kuchukua usaidizi wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi unafika Oktoba 2026, na hivyo akaendelea kusasisha bila kupandisha toleo, au akahamia Linux.

Kuhamia huko nako si kupandisha toleo, wala si sawa na kile ambacho mafundi wa Tanzania hukiita kupiga Windows, yaani kufuta diski na kusimika mfumo upya, kazi ambayo mteja aliyeomba kupandishiwa toleo tu anaweza kufanyiwa na kupoteza picha na nyaraka zote ambazo hakuzitengenezea nakala rudufu.